Kibomba Kilichobaki kwenye Bakuli

Shemeji: Haloo? Nani mwenzangu? Ongea kwa nguvu, simu nimeichomeka ndani ya helmeti!

Fundi: Ni mimi, shemeji! Natumia simu ya mteja. Simama!

Shemeji: Aa, fundi wetu! Mama, mwanao huyu hapa. Tunakwenda vizuri, ila —

Fundi: Simama, nakwambia!

Shemeji: — pikipiki inavutavuta. Nini?

(mtandao unakwaruza)

Fundi: Simama hapo hapo! Tumia breki ya nyuma. Ya mbele usiiguse!

Shemeji: Basi, basi, nimesimama. Unanifokea kama umenizaa.

Fundi: Mmefika wapi?

Shemeji: Juu ya mteremko. Hospitali naiona kule chini, paa lile la bluu.

Fundi: Hujaanza kushuka?

Shemeji: Ndio nilikuwa naanza. Haloo? Umepotea?

Fundi: Nipo. Mshushe mama, mkalishe. Anaendeleaje?

Shemeji: Kifua kilekile. Anavuta pumzi kama anapanda ngazi. Haongei.

Fundi: Toka saa ngapi haongei?

Shemeji: Wewe sema ulichopigia.

Fundi: Shika katikati ya tairi la mbele, pale kwenye beringi.

Shemeji: Nishike ili — aah! Moto huo! Mkono wangu!

Fundi: Sasa sukuma pikipiki mbele kidogo. Unasikia nini?

Shemeji: Inasaga. Kama mtu anatafuna kokoto. Si umeweka beringi mpya asubuhi?

Fundi: Nimeweka. Ila... nimekuta kibomba kwenye bakuli la petroli.

Shemeji: Kibomba gani tena?

Fundi: Kinakaa katikati ya beringi mbili, kinazitenganisha. Nilikitoa nikioshe. Nikagonga beringi mpya, nikakaza nati, nikakuachia uende. Bila hicho beringi zinabanana. Zinachemka. Tairi linagoma ghafla.

Shemeji: Kwenye mteremko.

Fundi: Mama alikuwa anakohoa pale kwenye benchi, na wewe unanihimiza, haraka, haraka —

Shemeji: Nimekulaumu? Nimefungua mdomo? Sema tunafanyaje. Nilegeze nati nishuke polepole?

Fundi: Wee! Beringi zishakufa hizo. Usiipande tena. Gari hamna?

Shemeji: Litoke wapi? Si barabara imechimbwa kule nyuma? Ndio maana nikaja na hili bovu lako.

Fundi: Basi mbebe.

Shemeji: Nani?

Fundi: Mama. Mgongoni. Mfunge na kanga yake.

Shemeji: Mkwe wangu? Mgongoni? We kichaa! Miaka sita nimemuoa dada yako, hata kiti cha mama sijawahi kukikalia!

Fundi: Shemeji, nakuomba. Nikija mbio mpaka hapo ni saa nzima. Mwangalie midomo.

Shemeji: Imebadilika rangi.

Fundi: Mbebe! Mbebe, ndugu yangu, aibu utaiona kesho!

Shemeji: Mama... nisamehe, mama. Shika shingo. Hapo hapo. Ngoja nifunge... helmeti naivua, simu naishika mkononi... (mtandao unakwaruza) ...jamani, mwepesi huyu.

Fundi: Anapumua?

Shemeji: Sikioni kwangu kabisa. Natembea.

Fundi: Pikipiki itupe hapohapo, wachukue wanaotaka.

Shemeji: Nani kaikumbuka?

Fundi: Mwambie mama ni mimi. Mwambie nimesahau mimi, sio —

Shemeji: Nimeshamwambia ni panchari tu.

Fundi: Shemeji —

Shemeji: Kata simu, bwana. Nahitaji mikono yote miwili.