Antonia Likwata, Mhariri Aliyefungua Mlango wa Kikao

Dada yetu Antonia alizaliwa Rondo tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa mzee Leonadi Likwata na mama Martina. Alisoma shule ya msingi hukohuko Rondo, sekondari Lindi mjini, kisha chuo cha kilimo Mtwara, akahitimu mwaka 1984. Alianzia kazi ya ugani Somanga, na jina la Bibi Shamba likamganda hadi mwisho.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na Kasiani Mnali, seremala wa Kilwa Masoko. Walijaliwa Grace na Rosemary.

Mwaka 2011 alichaguliwa mhariri mkuu wa jarida la maafisa ugani wa kusini. Jarida lilikuwa linakufa, kwani wasomaji waliamini makala huchapwa kwa kujuana. Yassin, afisa ugani wa Rondo, alimfuata. "Shikamoo mama. Makala yangu mmeikataa. Kosa langu nini?" Vikao vya kupitisha makala vilikuwa vya siri, na sababu hazikuruhusiwa kutolewa nje. Jambo hilo lilimkera sana. Akaamua makala zijadiliwe ukumbini, majina ya waandishi yakiwa yamefichwa, na msomaji yeyote aingie, asikie, aulize. Wenzake walimwonya kuwa wataumbuka.

Makala ya kwanza kukataliwa hadharani ilikuwa yake mwenyewe, ya kupuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho. Waliohudhuria walisema majaribio yalifanyika shamba moja tu. Alisimama akasema, "Hiyo ni yangu, na wamesema kweli." Sababu zote akazichapa ukurasa wa kwanza. Nyumbani alinuna wiki nzima, tusimsingizie upole. Lakini maneno ya kujuana yaliisha, na Yassin aliandika upya, makala yake ikachapwa.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Aliposikia tunanong'ona kuhusu wasifu huu, aliagiza usomwe mbele yake, mlango wazi, majirani waingie. Nilipofika kwenye maneno "hakuwahi kumkasirikia mtu," alinyanyua kidole. "Ushahidi uko wapi, we Dismas? Muulizeni Kasiani!" Tuliyafuta, tukicheka huku tunalia. Alifariki nyumbani kwake Kilwa Masoko alfajiri ya tarehe 9 Juni.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, nami mdogo wake, ninayeumia kusoma wasifu wake leo.

Kuanzia pale nilipotaja kifo chake, maneno haya hakuyasikia, wala hakuna aliyeyapitia. Kwa hiyo siketi bado. Mwenye kusahihisha asimame aseme sasa, mbele yake, kama alivyotaka siku zote.

Pumzika kwa amani, dada. Mlango uko wazi.