Mmoja Usukani, Mmoja Majini

Sogeeni, wanangu, mkae hapa kitandani, wewe kifungua mimba wangu kulia na mdogo wako kushoto, na msinuniane. Chumba chenyewe kidogo, hakina pa kuweka vinyongo. Najua mnachongoja. Gari. Mmeligombania tangu nilipolala hapa, na juzi mkalizamisha pale kivukoni kwa kuwa kila mmoja alitaka usukani na hakuna aliyekubali kushuka. Mkavutwa na ng'ombe! Nilicheka hadi daktari akadhani nimepona.

Sikilizeni basi. Miaka yote niliyopeleka dawa kwenye zahanati za milimani, barabara iliishia sokoni. Mbele ya hapo ni mchanga, mawe na mito isiyo na adabu, na niligundua kwamba njia haibembelezwi wala haigombezwi, husomwa. Penye mchanga nilipunguza upepo wa tairi, maana tairi lililovimba huzama na lililolegea hupita, na tangu hapo sikuona aibu kulegea mbele ya mtu, hata mbele ya mama yenu. Penye maji yeye ndiye aliyetangulia kwa miguu, nguo kaifunga kiunoni, akipapasa chini kwa fimbo na kunifokea, "Kushoto, mwanamume we, kushoto! Au umechoka kuwa na mke?" Usukani ulikuwa wangu, macho yalikuwa yake. Watu walinisifu kwa udereva. Yeye alikamua maji kwenye nguo yake, akacheka.

Kwa hiyo, binti yangu, ufunguo ni wako. Nawe mwanangu, chukua kamba, pampu na ile fimbo ya mama yenu. Usinikunjie uso, baba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ufunguo bila fimbo utaishia mtoni, na fimbo bila ufunguo itatembea peke yake hadi ichoke.

Siku ya kunizika msinipitishe kwenye lami. Nivusheni kivuko, mnilaze kando ya mama yenu. Dada aendeshe, kaka atangulie, mkirudi, mbadilishane.

Nipeni maji kidogo... ahsante. Mungu awape njia mbovu kiasi cha kuwachangamsha, na asiwanyime mtu wa kuwatangulia majini. Nani huyo anacheka? Wote wawili?

Basi... nimeshafika. Nendeni mkapunguze upepo, wanangu. Mapema. Nasikia mvua.