Mtoto Niliyemwita Mdogo Wangu

Bwana asifiwe, kanisa! Itikieni kwa nguvu, maana nikimaliza sijui kama mtakuwa na hamu ya kuniitikia tena.

Ndugu zangu, mimi ni Rehema, muuza vitenge wa Kariakoo. Marehemu mama yangu aliimba kwaya hapa hapa, mnamkumbuka. Mwaka huu wote mmeniita Mama Ulaya, na mimi nimeitika, tena kwa madaha! Mliniwekea mikono mkaniombea safari. Sasa sijasafiri, na najua mnavyonong'ona kwamba mzungu kanitosa. Ngojeni niseme mwenyewe, umbea uishe.

Nilipata mimba nikiwa na miaka kumi na saba. Desturi yetu mnaijua. Binti akibeba mimba nje ya ndoa anatengwa, hashiriki meza ya Bwana, na mama yake anatazamwa kama mtu aliyeshindwa kulea. Mama hakuiweza aibu ile. Akanipeleka kwa mama mdogo Morogoro, ambaye ni mkunga, na yeye huku nyuma akaanza kuvaa magauni mapana na kulalamika mgongo. Miezi ikapita, akanifuata. Nikajifungulia nyumbani kwa mama mdogo, na kwenye cheti cha kuzaliwa mama akaandikisha jina lake yeye. Tuliporudi mlimpigia vigelegele! Mkasema Sara kazaa uzeeni. Mimi nilikuwa nimekaa pale karibu na dirisha, maziwa yananitoka, nimejikaza kanga mbili kifuani, na vigelegele nikapiga.

Mtoto ndiye huyu, Nuru. Ana miaka kumi. Tangu aanze kusema ananiita dada.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, halafu ndiyo nikaficha! Akianguka alimkimbilia mama, na mimi namwambia, "Pole, mdogo wangu," kisha naenda kulia chooni. Uongo wa namna hiyo hauzoeleki, jamani. Unaamka nao, unakula nao, unakuja nao kanisani.

Halafu nikampata Erik, fundi wa mitambo aliyeletwa nchini na kampuni yake. Sitamsema vibaya. Alikuja dukani kununua kitenge cha mama yake, akarudi kesho, na keshokutwa, mpaka wenzangu wakauliza huyo mama yake ana mwili gani! Jumapili tukitoka ibadani tulikula pamoja, yeye, mimi na Nuru. Mama alipofariki mwaka jana, tukabaki mimi na mtoto kwenye chumba kimoja Buguruni, Erik ndiye aliyetushika mkono. Mkataba wake ulipokaribia kuisha akasema, "Twende kwetu tufunge ndoa. Na mdogo wako aje, atasoma kule." Nikaona Mungu kanifungulia mlango.

Tukaenda ubalozini, mimi na Nuru. Nyuma ya kioo alikaa dada mmoja Mtanzania, mpole tu. Akasoma karatasi zetu, akasema, "Sheria yao inaruhusu uende na mtoto wako. Mdogo wako, hapana."

Akanirudishia karatasi chini ya kioo, akauliza:

"Wewe huna mtoto wa kumzaa, dada?"

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi! Neno moja tu. Lakini nikamwona mama yangu kaburini anavuliwa nguo. Nikawaona ninyi. Nikamwona Erik. Nikasema, "Sina." Na Nuru alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma yangu kabisa. Petro alimkana Bwana wake mara tatu akalia. Mimi nilimkana mwanangu miaka kumi, na siku ile nilitoka nje nikiwa na macho makavu, tayari napanga: nitamwacha kwa mama mdogo, nitatangulia, nitamtumia nguo na viatu. Uchungu gani huo wa mama? Hata mimi najiuliza.

Pale Posta nikamnunulia hindi la kuchoma, tukakaa kwenye ukingo wa ukuta. Nikamwambia, "Utakaa Morogoro kidogo, mdogo wangu. Nitakufuata."

Hakula. Akasema taratibu, "Mama aliniambia kabla hajafa."

"Alikwambia nini?"

"Kwamba wewe ndiye uliyenizaa. Akasema nisikuulize, nisubiri mpaka useme mwenyewe." Akawa anachokonoa lile hindi kwa kidole. "Leo nilidhani utasema."

Jamani! Mwaka mzima mtoto ananisubiri! Kila asubuhi nikimsuka nywele, ananisubiri. Nililia mchana kweupe, watu wanapita na mabegi yao ya ofisini, na sikujali nani ananiona. Nikamwambia, "Nisamehe. Ni wangu. Wewe ni wangu." Hapo, kanisa, ndipo Bwana alipoikata kamba ya uongo iliyokuwa shingoni mwangu. Si kwa maombi marefu. Ni kwa mdomo wa mtoto niliyemkana.

Kesho yake nikamwambia Erik yote. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Aliuliza tu, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, "Kila Jumapili umekula na mimi na mtoto wako, na unamwita mdogo wako?" Nikasema ndiyo. Wiki mbili baadaye alipanda ndege peke yake. Nampenda mpaka leo. Inauma, sitawadanganya tena.

Kwa hiyo sikuja kushuhudia kwamba Mungu amenipa viza. Viza sina, mchumba sina, na cheti cha mtoto ndiyo kwanza tunahangaika kukirekebisha. Wazee wa kanisa, kama ni kunitenga, nitengeni, nimechelewa miaka kumi. Lakini nawe uliyekaa hapo na jambo lako umelifunika, na unalo, nakusihi: mpe Yesu leo. Usingoje mpaka anayekupenda achoke kukusubiri. Atakupokea. Mimi amenipokea na uozo wangu huu huu.

Namshukuru Mungu kwa jambo moja. Juzi Nuru alitoka shule akaja dukani. Kariakoo ile, watu kama siafu, akaniita kwa mbali, "Mama!" Wakageuka wanawake kibao. Mimi sikugeuka. Niliendelea kukunja vitenge vyangu, maana sijawahi kuwa mama wa mtu. Akaita tena, akaita tena, mpaka jirani yangu akanipiga begani: "Wewe Rehema, huyo mtoto si anakuita wewe?"