Fimbo ya Mwalimu Mpya

Butembo nzima inaweza kukosa kahawa, lakini si benchi la Hadjara, pale kwenye kona ya wauza mbao. Jumapili ile Kahongya, seremala aitwaye Inspecteur ingawa hajawahi kukagua kitu zaidi ya milango, aliwahi mapema na fimbo ya mkaratusi, aliyoichonga na kuipiga msasa hadi ikang'aa. Kesho binti yake Bénite angeanza kufundisha darasa la kwanza, watoto tele, na baba mtu hakutaka mwanawe achekwe. Fimbo ikapita mikononi mwa wote, ikisifiwa.

— Hii njo diplôme, akasema Issaka, dereva wa Fuso wanayemwita Klaxon, yaani honi. Ile ya karatasi hapana nyamazisha mutoto.

— Mais ku formation ya balimu banabafundisha ingine, akasema Kahongya. Batoto bakifanya makelele, mwalimu anashusha sauti.

— Anashusha?

— Anasema polepole, mupaka banyamaze ili bamusikie.

— Eh! Na mi nikishusha klaxon mu barabara ya Beni, mbuzi itanyamaza inisikie?

Wakacheka. Apollinaire, anayeitwa Latin tangu mapadri walipomfukuza seminari, akaweka kikombe chini.

— Haba na haba hujaza kibaba. Leo fimbo moja, kesho mbili, mutoto anajaa akili mupaka juu.

— Umesema!

— Na balimu nabo, ku formation bachapwe kwanza, kila asubui, akaendelea Latin. Mutu hapana jua uzito ya fimbo, ataipima namna gani?

— Donc na inspecteur ya masomo achapwe? akauliza Hadjara, akimimina.

— Na ministre! Kamba hukatikia pabovu!

Kahongya alitanua kifua. Wote pale walichapwa, na wote wamekuwa watu.

Ndipo Bénite akatokea, anatoka misa.

— Bonjour, bapapa.

Kabla baba yake hajamnyooshea zawadi, binti alikuwa ameshayasikia yote.

— Papa, ile siku mwalimu alikuchapa, alikuwa anafundisha nini?

Kahongya alifungua kinywa kwa uhakika wote. Alikumbuka shati la mwalimu, la mistari. Alikumbuka mvua juu ya bati. Somo halikuja. Akamtazama Klaxon.

— Yangu ilikuwa fimbo ya mupera, akasema Klaxon.

— Yangu ilikuwa siku ya Kwarezima, akasema Latin.

Somo, hakuna aliyelikumbuka. Kahongya aliona haya, kisha akaogopa. Huenda kuna mtoto ambaye uzeeni atakumbuka blauzi ya Bénite na fimbo, basi.

— Na hii fimbo, Papa, ni ya kazi gani?

— Ya maharagi, akajibu Inspecteur bila kupepesa macho. Maharagi ya mama yako imeanza kupanda juu, iko inatafuta mahali pa kushika.

— Na umeipiga msasa?

— Maharagi iko na ngozi laini, akasema Klaxon, na benchi zima likaafiki.