Kiganja Juu ya Boneti

"Nani amewasha gari hili kabla hatujafika?" Niliuliza hivyo miaka ishirini na mbili iliyopita, nimeweka kiganja juu ya boneti uani kwa muuzaji. Marehemu baba yenu alitazama viatu vyake, na wewe shemeji, unayeegemea mlango wangu leo, ulicheka ukasema, "Huyu naye analipima gari homa!"

Sikilizeni wanangu, pumzi iliyobaki haitoshi kurudia. Nilikuwa fundi kabla sijawa mke wa mtu, na nilijua kwamba gari lililochoka likipashwa moto mapema huficha ugonjwa wake: halikohoi, halitoi moshi, gia zinaingia laini kama siagi. Linatakiwa liwashwe likiwa limelala, limepoa, mnunuzi akiwa amesimama pale pale. Lakini baba yenu na mdogo wake walikuwa wameshakunywa chai ya mwenye gari, wakaona haya kumwambia azime, tusubiri. Tukaondoka na lile gari kubwa la viti saba, wakilisifia kimo.

Mwezi wa pili tangu tulinunue, tukiwa kwenye mlima familia nzima, gia ziligoma na breki zikachoka, gari likaanza kurudi nyuma, baba yenu akaruka kutia jiwe chini ya tairi, na tairi likaupanda mguu wake. Alitembea na magongo mpaka siku tuliyomzika. Na ukoo ukasema nini? Eti mdomo wangu ndio uliolilaani. Neno hilo nimelisikia kwenye kila kikao, nikanyamaza kwa heshima ya mgonjwa wangu. Leo mgonjwa ni mimi, na sinyamazi. Sikulilaani. Nililigusa.

Sasa wewe, kifungua mimba wangu, umetafuta gari la familia, lililotumika, na mwenyewe amelilaza hapa uani tangu jana. Mdogo wako alipochukua tochi akaliangalie, ukamwambia akae na mama, magari ni mambo ya wanaume. Mwanangu, umenyonya kwa mwanamke mwenye grisi kwenye kucha, usinitie aibu nikiwa hai! Na asubuhi hii, mkiwa sebuleni na muuzaji mnakunywa chai, chai tena, nimesikia injini ikinguruma huko nje kwa muda mrefu. Nimeuliza ni nani. Nanyi mmetazama viatu vyenu.

Kilomita za dashibodi msiziamini, zinarudishwa nyuma. Tazameni pedali ya breki, mpira wake ukiwa umelika mpaka chuma, gari hilo limezunguka kuliko linavyokiri. Vuteni mikanda ya viti vya nyuma mpaka mwisho, kwa sababu mwenye gari huosha viti na kusahau mikanda, na mkikuta matope makavu, mjue lilizama kwenye mafuriko na nyaya zake zitawatesa. Chini ya kifuniko cha oili mkiona ute mweupe, maji yameingia kwenye injini, msibishane na muuzaji, mrudishieni gari lake. Lipelekeni mlimani, siyo kwenye lami tambarare anayoichagua yeye. Akikataa fundi wenu aliangalie, mshukuruni, ameshawajibu.

Nyumba hii gawaneni sawasawa. Karakana, kabati la spana, jeki zote mbili na ule ubao wangu wa kulalia chini ya gari, namwachia kitinda mimba. Msiseme nimemhurumia kwa kuwa ni msichana. Nimempa kwa sababu anajua kazi. Shemeji, itisha kikao ukipenda, lakini uwaambie nilikuwa na akili zangu timamu na nilikutazama usoni. Na gari lolote la familia hii halinunuliwi kabla mkono wake haujaligusa.

Inueni mto kidogo... hapo. Sauti inakwama kama betri ya zamani, cheka shemeji, leo nakuruhusu. Mungu awafikishe mnakokwenda, wanangu, na awarudishe nyumbani, wote, na miguu yenu yote... Mkubwa, umlinde mdogo wako. Usimzibe mdomo.

Binti yangu, sogea. Muuzaji akikunyooshea mkono usiupokee kwanza. Toka sasa hivi, weka kiganja juu ya boneti, kisha urudi uniambie... ni ya moto, au ni baridi.