Mafundo Mekundu ya Fundi Nasikia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Sauti ya bibi yenu leo iko chini kidogo, mtanivumilia. Leo tunamkumbuka fundi wa umeme wa maboti. Jina alilopewa na wazazi wake lilitumiwa na wachache. Watu wote walimwita Nasikia.

Nawaeleza kwa nini. Nyuma ya boti kuna mashine. Mashine hiyo ina mota ndogo ya umeme inayoiinua na kuishusha. Penye kina, mashine inashuka. Penye mawe, inapanda, ili pangaboi, zile panga zinazosukuma maji, isivunjike. Mota hiyo ikigoma, aliyeitwa ni yeye.

Kazi hiyo aliifanya na mkewe. Mke alikaa kwenye usukani, akabonyeza kitufe na kusema, "Juu." Mume aliinama nyuma, kiganja chake juu ya rilei, kile kiboksi kidogo kinachopitisha umeme kwenda kwenye mota. Rilei ikilia, naye anajibu, "Nasikia." Chini. Nasikia. Juu. Nasikia. Ndivyo walivyozeeka.

Mkewe aliwaambia wateja kwamba kazini mume wake anasikia hata sisimizi akipiga chafya, ila nyumbani akiambiwa bomba linavuja ni kiziwi. Na dada yake fundi naye hakukosa la kutia. Alikuwa akimchokoza wifi yake, "Kaka yangu hakuoa mke, alioa kidole cha kubonyezea."

Fundi huyu alikuwa na desturi yake. Kila waya alioupima akauona mzima, aliufunga kitambaa chekundu, ili akiitwa pembeni ajue alipoishia. Vitambaa vilitoka kwenye gauni kuukuu la mkewe. Kazi ikiisha, alivifungua vyote. Hakuacha hata kimoja, kwa sababu kitambaa hushika unyevu, na unyevu huozesha waya.

Alifia kazini, wasikilizaji wapendwa. Nasema tena, alifia kazini. Aliketi kwenye benchi la karakana kupumzika, na hakuinuka. Boti aliyokuwa akiitengeneza ni ya nesi anayehudumia wagonjwa wa ng'ambo. Ng'ambo kuna mawe. Mashine isipopanda, boti haifiki.

Baada ya mazishi nesi alikuja kuhani. Boti hakuitaja. Alimpa mjane mkono, akaingia jikoni, akaosha vikombe vya watu wote, akavifuta na kuvipanga. Mjane alikuwa ameketi tu. Aliniambia hivi: "Bibi, sikuhisi kitu. Watu walilia, mimi nikawa natazama midomo yao. Kilichoniingia ni sketi ya nesi. Ilikuwa imelowa mpaka magotini."

Alielewa. Nesi alikuwa ametoka ng'ambo kwa mtumbwi wa kuomba, akashuka majini na mkoba wa dawa kichwani. Na hakusema.

Mjane akainuka, akaenda karakana. Wifi yake akamfuata bila kuitwa.

Boti ilikuwa pale pale. Vitambaa vyekundu vilikuwa pale pale. Betri, kitambaa. Fyuzi, kitambaa. Waya wa swichi, kitambaa. Vilikomea kwenye rilei. Mjane alisimama akivitazama. Kazi ikiisha, itabidi avifungue. Akivifungua, kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe imeondoka. Asipoimaliza, nesi ataendelea kulowa, na iko siku atakwama huku mgonjwa yuko kule.

Akaketi kwenye usukani. Akamwambia wifi aweke kiganja juu ya rilei. Akabonyeza. "Juu," akasema.

Mashine haikupanda.

"Wifi, ikilia useme."

"Niseme nini?"

"Sema tu chochote."

Akabonyeza tena. Wifi akasema, polepole, "Tik."

Basi rilei ilikuwa inalia, lakini mota haizunguki. Wifi akasema labda mota imekufa.

Mjane alikumbuka mumewe alivyokuwa akinung'unika, kwamba watu wote hukimbilia waya mwekundu unaoleta umeme, na kuusahau mweusi unaourudisha. Mweusi haukuwa na kitambaa. Alishika taa ya kupimia, akafunga ncha moja ya taa hiyo kwenye chanya ya betri na kugusa mwisho wa waya mweusi penye rilei. Taa ikawaka hafifu, kama mshumaa unaoishiwa. Akaukunja waya karibu na kichwa cha bati kinachoufungia. Kwa nje ulikuwa mzuri. Ndani ulikwaruza kama mchanga. Alipouchuna ganda, shaba ilikuwa imegeuka kijani na kuwa unga.

Akaukata mpaka penye shaba inayong'aa. Akaubania kichwa kipya, akasugua mahali pa kufungia kwa msasa, akakaza nati. Akarudi kwenye usukani.

"Juu."

Mashine ikapanda. Maji yakachuruzika kutoka kwenye pangaboi. Wifi alikuwa analia, kiganja bado kiko juu ya rilei. Mjane alibonyeza chini. Ikashuka. Hakuhisi kitu, ameniambia hivyo, na mimi namwamini.

Nesi alikuwa amefika mlangoni. Mjane akaanza kufungua vitambaa. Mafundo ya mumewe yalikuwa magumu. Wifi akamletea mkasi, mjane akaukataa kwa kutikisa kichwa. Alifungua kwa kucha, fundo moja baada ya jingine. Nesi akasema, "Mama, viache. Havinisumbui."

"Vitaozesha waya," mjane akasema.

Basi nesi akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi. Ng'ambo walikuwa wanamsubiri. Hakutazama saa. Hakutazama jua. Alikaa mpaka fundo la mwisho lilipofunguka.

Kwa mjane, kwa wifi yake, kwa watoto na wajukuu, sisi wa redio hii tunawapa mkono wa pole. Mungu amlaze fundi wetu mahali pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, pengine jirani yako leo anafungua mafundo yaliyofungwa na mtu ambaye hayupo. Usimpelekee mkasi. Tafuta ndoo, ukae.