Ta Ishengoma na Paa Lililosubiri Matanga

Tarehe 30 Juni 1994 Ndugu Clavery Ishengoma, Msimamizi wa Mbao katika Idara yetu ya Ujenzi, anastaafu baada ya kulitumikia shirika kwa miaka ishirini na mitatu. Hapa kazini, kwa heshima ya mzee, ni Ta Ishengoma, na wengi wetu hatujui kumwita vinginevyo.

Alianza kama seremala pale Kemondo. Vita vilipokwisha mwaka 1979, majengo mengi mkoani yalihitaji kuezekwa upya, na kila mtu akakimbilia msituni na shoka. Yeye alianzisha kitalu cha mihumula, miti ya mbao ikuayo upesi, kule Nyanga, akaweka sharti: mkulima akituuzia mti, gari letu lirudi kwake na miche. Wenzake walimcheka sana. Leo meza tunazoandikia zimetokana na miche ile.

Ni mkaidi, tusifichane. Meneja mmoja alitaka mlango wa ofisi yake utengenezwe haraka kwa mbao mbichi. Ta Ishengoma akakataa, akapatikana fundi mwingine. Mvua zilipoanza mlango ukavimba, na meneja akatokea dirishani, tai shingoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyebishana naye kuhusu kukausha mbao.

Lakini jambo nisilotaka lisahaulike ni la mwaka 1988, shirika lilipojenga ofisi ya Muleba. UKIMWI ulikuwa unamaliza kaya, na wapo waliouza miti ya marehemu kabla machozi hayajakauka. Kuta zilikuwa zimesimama, masika yamekaribia, na miti ya paa ilikuwa imekwisha kununuliwa kijijini Izigo. Ta Ishengoma alipofika na lori alikuta kaburi bichi migombani, matanga hayajaanuliwa, ukoo haujamtaja mrithi. Mjane, Ma Theopista, hakujua kwamba shemeji yake ameiuza miti ile. Ta Ishengoma alivua kofia, akaketi na waombolezaji, kisha akamwendea dereva.

"Waitu, ndugu yangu, geuza gari," alimwambia. "Mwenye miti bado analia."

Lori likarudi tupu. Kuta zilinyeshewa masika yote, naye akashushwa cheo. Hakulalamika, alirudi kwenye randa yake akapiga kazi. Ukoo ulipokaa, miti ikabaki kwa mjane na watoto wake. Mwaka uliofuata Ma Theopista mwenyewe aliliuzia shirika ile iliyokomaa, akapokea miche, na ofisi ya Muleba ikaezekwa. Cheo nacho kikarudishwa, kimyakimya.

Ma Theopista ni mama yangu. Miti ile ndiyo iliyonisomesha mimi, Felicitas, na haya ninayaandika chini ya paa hilohilo la Muleba.

Ta Ishengoma, wakola muno, asante sana. Wafanyakazi wote tunakushukuru. Mungu akujalie afya, kahawa yako izae, na kila usiku akupe usingizi mtamu wa mtu ambaye hakumdhulumu yatima.